Nahesabu mabati nikiwa nasali: jibu kwa mama wa Kirumba

Mama, milele amina.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti. Kwa ajili ya wengine watakaosoma jibu hili, naieleza kwa kifupi. Una miaka 44, unauza dagaa mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, na umekuwa mhazini wa jumuiya yenu kwa miaka sita. Kigango chenu kilipoezekwa ulitoa mabati 40. Siku ya kubariki kanisa, majina ya waliochangia yalisomwa mbele ya wageni, lako halikusomwa, ukaondoka kabla ya chakula. Huu ni mwezi wa tatu unasali parokia nyingine. Ulipomwomba mwenyekiti wa kamati ya ujenzi hesabu za fedha, alikujibu, "Mama, jinyenyekeze." Ulipokwenda kuungama, padre naye akakushauri ujinyenyekeze. Katikati ya hayo mvua imenyeshea dagaa wako mara mbili, na mwanajumuiya mwenzako akasema ni Mungu anakuadhibu kwa kiburi. Ndipo unauliza: "Sista, nijinyenyekeze vipi? Nimenyamaza, nimepiga magoti, nimejiambia mimi si kitu, lakini nikisali najikuta nahesabu mabati."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nikae chini nikuandikie kwa urefu. Nimelea wanovisi, yaani wasichana wanaojiandaa kuwa watawa, miaka 19 na sasa naongoza mafungo, na ni watu wachache mno niliowasikia wakikiri jambo hilo kwa uwazi kama ulivyolikiri wewe. Umeshaanza, Mama, ingawa unadhani bado uko mlangoni.

Kwanza hilo jina. Waliosahau kulisoma walikukosea, na sitaki ujilazimishe kusema haikuuma. Yesu aliwaponya wakoma kumi, akarudi mmoja kushukuru, naye akauliza wale tisa wako wapi. Iko katika Luka sura ya 17. Kama yeye aliuliza, basi shukrani si jambo dogo, na mtu aliyenyimwa ana haki ya kusikia uchungu. Nenda na uchungu huo mbele za Mungu kama ulivyo. Anayemficha Mungu kidonda bado hajanyenyekea.

Lakini kidonda hicho kimekuonyesha kitu ambacho usingekiona kwa njia nyingine. Ulitoa mabati kwa nia njema, nakuamini. Ila mahali fulani kati ya dukani na kwenye paa, yalibaki yakiwa yako. Hukujua mpaka siku ambayo jina halikutajwa.

Nakueleza hivi kwa sababu yalinipata. Nilipokuwa mnovisi, nyumba yetu ilikuwa juu kidogo ya ziwa na pampu ya maji ilikuwa haikai wiki mbili bila kuharibika. Nikajichagulia kazi ya maji. Saa kumi alfajiri, kabla ya kengele, nilikuwa nimeshateremka na ndoo mbili, na wenzangu walipoamka walikuta mapipa ya jikoni yamejaa. Hakuna aliyenituma. Niliingia kanisani mabega yanauma na moyo umetulia, nikijiona mdogo kuliko wote, mtumishi wa wote. Baada ya miezi kama minne mlezi wetu, mama wa maneno machache, akaniita. "Kuanzia kesho maji atateka mwenzako. Wewe utalala mpaka kengele ilie." Hakueleza sababu. Kwa wiki tatu sikuweza kusali. Nililala macho wazi nikisikiliza ndoo za mwenzangu zikigongana mlangoni, na maji aliyokuwa akiyamwaga kwenye ngazi kwa sababu hakujua kutembea nayo kama mimi. Nikiingia kanisani sina la kumwambia Mungu. Nilikuja kuelewa polepole kwamba miezi yote ile sikuwa nampelekea Mungu maji, nilikuwa nampelekea ndoo zangu azitazame. Nilipomwendea mlezi nikilia, hakunipongeza wala hakunigombeza. Alinipa ungo wa maharage, nikakaa na wenzangu kuyachambua.

Kwa hiyo unaponiambia unahesabu mabati ukiwa kwenye sala, najua unachosema.

Sasa tuseme kunyenyekea ni nini, maana naona hapo ndipo ulipopotoshwa. Wengi wanadhani ni kujishusha bei. Wewe ni mfanyabiashara, unaijua mizani. Anayesema gunia la kilo 50 lina kilo 20 anasema uongo sawasawa na anayesema lina kilo 80. Ukijiambia mbele za Mungu kwamba wewe si kitu, na huku unalisha watoto, unawalipa vijana wanaokuanikia, na jumuiya nzima imekuamini kwa fedha zake, umepunja mizani. Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania aliyefariki mwaka 1582, alijiuliza kwa nini Mungu anaupenda unyenyekevu kiasi kile, na jibu alilolipata ni kwamba Mungu ndiye Ukweli wenyewe, na kunyenyekea ni kutembea katika ukweli. Mimi sijapata maelezo yanayozidi hayo. Hata neno la Kilatini ambalo Kanisa limelitumia tangu zamani, humilitas, lina undugu na humus, udongo. Jumatano ya Majivu tunakumbushwa kwamba sisi ni mavumbi na mavumbini tutarudi. Wengine wanalisikia kama tusi. Lakini ni udongo huo huo ambao Mungu aliushika kwa mikono yake na kuupulizia pumzi, kama tunavyosoma katika Mwanzo sura ya 2. Mtu anayejua kwamba ni udongo, na anayejua pia pumzi yake imetoka wapi, huyo amesema kweli yote.

Tuchukue asubuhi moja ya kazi yako. Mitumbwi inaingia alfajiri. Wale vijana walitoka usiku kwa sababu mwezi haukuwako. Mbalamwezi ikiwaka, taa zao hazivuti dagaa, na hakuna mvuvi awezaye kuuzima mwezi. Umenunua, umebeba, umetandaza kwa mkono wako mwenyewe, tabaka jembamba, kila dagaa apate jua. Kutandaza huko ni kazi yako na ni kazi nzuri. Kuamka saa tisa usiku ni kwako. Ule ujuzi wa kuokota dagaa mmoja, kumvunja karibu na sikio, na kujua kwa mlio wake kama amekauka au bado ana maji tumboni, huo ni wako, umeupata kwa miaka. Usimwambie Mungu kwamba hivyo si kitu. Lakini dagaa hukuwaumba. Jua hukuliwasha. Upepo wa mchana kutoka ziwani hukuuita. Hata nguvu za kuamka saa tisa, kuna wanawake wa rika lako ambao leo wako kitandani pale hospitali ya Bugando na wangezipenda sana. Paulo aliwauliza Wakorinto wana nini ambacho hawakukipokea. Swali hilo tunalisikia kanisani na kulisahau tukifika barabarani. Jiulize ukiwa mwaloni, umeshika dagaa mkononi.

Utaona kuwa kumshukuru Mungu na kujua thamani ya kazi yako havigombani.

Kuna habari moja katika Injili ambayo nafikiri watu wa ziwani mnaielewa kuliko sisi tulioisoma kwenye madawati. Petro na wenzake wamevua usiku kucha bila kupata kitu, wako ufukweni wanaosha nyavu. Yesu anawaambia warudi kilindini. Wanashusha nyavu, wanapata samaki mpaka nyavu zinakaribia kukatika na vyombo viwili vinataka kuzama. Angalia Petro anapiga magoti saa ngapi. Hakupiga magoti alfajiri akiwa hana kitu. Alipiga magoti katikati ya samaki, chombo kimejaa, siku ya faida kubwa kuliko zote maishani mwake, akamwambia Bwana aondoke kwake kwa kuwa yeye ni mtu mwenye dhambi. Siku ya hasara kila mtu ni mnyenyekevu, Mama. Kanisa hujaa. Mimi huwauliza wanaokuja mafungo walisali vipi siku walipouza vizuri, siku wanunuzi wa Kongo walipomaliza mzigo wote kabla ya saa nne, na mara nyingi chumba hukaa kimya. Kama unataka mahali pa kuanzia, anzia hapo. Siku ya faida, kabla hujafunga mkoba wa fedha, piga goti.

Kuna na yule Farisayo wa Luka 18, ambaye naona tumemfanya mwepesi mno katika mahubiri. Tunamsimulia kama mwongo, wakati inawezekana hakudanganya hata neno moja. Alifunga mara mbili kwa juma, alitoa zaka kweli. Tena alianza vizuri, alianza na "nakushukuru". Tatizo ni kwamba katika sala yake yote hakuna anachoomba. Hana shida na Mungu. Na katikati ya sala akageuza shingo kumtazama mtoza ushuru aliyesimama kwa mbali. Ukiona unahesabu mabati katika sala, usihangaike kuyafukuza, maana ukiyafukuza yatarudi na rafiki zake. Yageuze kuwa ombi. Sema, "Bwana, haya hapa mabati 40 tena. Bado nayataka. Nisaidie." Mtoza ushuru hakusema zaidi ya hayo. Usigeuze shingo kumtazama yule aliyetoa mabati matano na jina lake likasomwa.

Sasa mvua. Yule mwanajumuiya aliyesema ni adhabu, msamehe, lakini usimwamini. Hajui. Hakuna anayejua, na hapa pia pana unyenyekevu ambao watu wa dini tunausahau haraka: kutomsemea Mungu yale ambayo hakusema. Mwanza tumejifunza hili kwa machozi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika kwetu, mamia wakafa, na wengi wamelala pale makaburini Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na gati la Ukara. Vyote viwili vilikuwa vimebeba kupita uwezo wake, na hilo linatosha kutufanya tuulizane maswali mazito sisi kwa sisi. Lakini nyakati kama hizo hajakosekana mtu wa kusimama na kueleza Mungu alikuwa akimlipa nani kwa kosa gani. Mnara wa Siloamu ulipowaangukia watu 18, Yesu aliuliza kama walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, na akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kama Mwana wa Mungu alikataa kuusoma msiba namna hiyo, sisi ni nani tusome mvua juu ya chanja la dagaa?

Najua hasara yake. Dagaa aliyenyeshewa anaishia kwa watengeneza chakula cha kuku kwa bei ya kulia. Nenda kanunue turubai. Kunyenyekea mbele za Mungu hakukukatazi turubai.

Nimelichelewesha suala la hesabu kwa makusudi, maana ndilo zito kuliko yote na sikutaka ulisome ukiwa bado na hasira. Neno moja limekujia kutoka vinywa viwili. Padre aliposema ujinyenyekeze alikuwa anazungumzia moyo wako, na wewe ndiye uliyekwenda kumfungulia. Mwenyekiti aliposema neno lile lile alikuwa anafunga daftari. Hayo si mafundisho ya Kanisa. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 537, zinataka kila parokia iwe na baraza la fedha la kumsaidia paroko, na kanuni ya 1287 inataka wasimamizi wawape waamini taarifa ya mali ambazo waamini hao wamezitoa, kwa utaratibu uliowekwa mahali husika. Anayeomba hesabu anaomba kitu ambacho Kanisa lenyewe limeshakiagiza. Na Bwana wetu, usiku ule mbele ya kuhani mkuu, alipopigwa kofi na mtumishi, hakurudisha kofi, lakini hakunyamaza pia. Alimtaka aonyeshe kosa liko wapi, na kama hakuna kosa, aseme kwa nini anampiga. Hakuna aliyewahi kunyenyekea kuliko yeye, na bado aliuliza.

Natamani kila mwanajumuiya ashike jambo hili: jina lako ni lako, na fedha ya kigango si yako. Jina unaweza kulisamehe. Ukiamua leo kwamba halitasomwa kamwe na hutalidai, hiyo ni sadaka safi, na hakuna wa kukuzuia. Fedha ya kigango ni ya yule bibi aliyetoa mia tano ya nauli yake akarudi nyumbani kwa miguu. Huna ruhusa ya kuisamehe kwa niaba yake. Ukinyamaza juu ya fedha hiyo na kuita ukimya wako unyenyekevu, umemnyima bibi yule haki yake, tena bila kumwuliza.

Kwa hiyo rudi ukaulize, lakini tenganisha mambo mawili ambayo kwa sasa yamefungwa kamba moja. Usiulize hesabu siku moja na kulalamikia jina. Mwendee mwenyekiti peke yake kwanza, mchana, kwa amani, kama Mathayo 18 inavyoagiza. Asipokusikiliza, mchukue mjumbe mmoja au wawili mwende pamoja, kisha peleka kwa paroko kwa maandishi mafupi. Na kabla hujatoka nyumbani jiulize swali moja, ujibu kwa ukweli: wakinionyesha daftari na kila shilingi iko mahali pake, nitafurahi? Kama jibu ni ndiyo, nenda. Kama moyo wako ungesikitika kidogo kukuta hesabu ziko sawa, subiri siku chache, uisalie hali hiyo kwanza. Swali hili limenizuia mimi mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza hapa.

Umeniuliza "vipi", na mpaka sasa nimekujibu zaidi "nini". Vipi, kwa sehemu kubwa, ni mwili. Kwetu Usukumani binti akimwamkia mkubwa hupiga goti, na kabla hajatamka "mwangaluka" mwili umeshasema. Mwili unaujua unyenyekevu kabla akili haijakubali, na mara nyingi akili hujifunza kutoka kwa mwili. Pale mwaloni umewaona ndugu zetu Waislamu ikifika adhuhuri, wanatandika mkeka nyuma ya magunia na paji la uso linagusa chini. Tazama kwa heshima, ujifunze. Sisi nasi Ijumaa Kuu tunamwona padre akilala kifudifudi mbele ya altare tupu bila kusema neno. Basi asubuhi, kabla hujashika simu, kabla hujaangalia bei wala ujumbe wa nani, shuka kitandani upige magoti sakafuni kwa muda wa Baba Yetu moja iliyosaliwa taratibu. Kisha kaa hapo hapo kimya, dakika tatu, bila kuomba kitu. Mwanzoni zitakuwa ndefu.

Fanya hivyo mlango ukiwa umefungwa. Mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6, aliwaandikia wamonaki wake ngazi 12 za unyenyekevu. Ngazi ya kwanza ni kuwa na Mungu mbele ya macho yako wakati wote, usimsahau. Ya mwisho kabisa ndiyo ile inayoonekana kwa nje, kichwa kilichoinama na macho yanayotazama chini. Nimeona wanovisi wengi wakiianza ngazi ya kumi na mbili wiki ya kwanza, na nimewaona wakichoka. Mwili uinamie Mungu chumbani. Mbele za watu tembea kama kawaida yako, cheka kwa sauti yako ile ile ya sokoni, pandisha bei inapostahili kupanda.

Una daftari la mauzo, sivyo? Geuza ukurasa wa mwisho. Kila jioni andika mistari miwili au mitatu ya ulichopokea siku hiyo, si ulichofanya. "Kijana alinibebea gunia hakudai kitu." "Jua lilitoka saa tatu." Usiandike kwa uzuri wala usimwonyeshe mtu. Baada ya mwezi soma kurasa zote kwa mkupuo mmoja. Sikuambii utakachokiona.

Katika kutoa, endelea kutoa, usiache kwa sababu ya yaliyokupata. Ila kila mwezi pawe na kitu kimoja kinachotoka mkononi mwako na hakuna atakayejua, hata mumeo, hata mimi. Sado ya dagaa kwenye mlango wa mtu, karo ya mtoto kupitia mkono wa mtu mwingine. Siku ukishikwa na hamu ya kumsimulia mtu, hamu hiyo ndiyo sadaka yenyewe, mpe Mungu.

Na kuna zoezi ambalo ni gumu zaidi kwa watu wa aina yako, watoaji: kupokea. Katika barua yako yote ndefu umenieleza uliyempa, uliyemkopesha, uliyemlipia hospitali, na hakuna hata mstari mmoja ambapo mtu alikusaidia wewe. Sidhani kwamba hawakukusaidia. Nadhani huwaruhusu. Ukiugua, waache wanajumuiya waje wakupikie uji, hata kama una chumvi nyingi. Ukikwama mtaji wiki moja, mwombe mwenzako, sema "naomba". Mtu asiyeweza kupokea uji kutoka kwa jirani, atapokeaje huruma kutoka kwa Mungu? Kila Misa tunakiri kwamba hatustahili Bwana aingie kwetu, halafu tunanyanyuka, tunakwenda mbele, tunafungua kinywa au mkono tulishwe kama watoto. Hapo nafikiri ndipo Kanisa linapotufundisha unyenyekevu wote kwa hatua kumi za miguu, na sisi tunapita tukiwa tunaangalia nani amevaa nini.

Kuhusu kuungama sitasema mengi, hiyo ni kazi ya mapadre. Neno moja tu la mwanamke kwa mwanamke: ungama ya kwako. Kuna kuungama ambako tunaungama makosa ya mwenyekiti, ya mume, ya wakwe, na yetu yanakuja mwishoni kama matokeo. Sema, "Niliondoka kwa hasira kabla ya chakula, na nimejitenga na jumuiya yangu miezi mitatu." Usiongeze "kwa sababu". Utashangaa sentensi inavyokuwa nyepesi bila neno hilo.

Ushauri wangu wa mwisho ni wa kalenda. Wewe una siku ambazo sisi wengine hatuna: zile siku za mbalamwezi, mitumbwi imepandishwa mchangani na mwalo umepoa. Safari hii usizimalizie kwenye ukarabati na madeni peke yake. Chukua moja, asubuhi mpaka mchana, ukakae mahali pa kimya, juu ya mawe yanayotazama ziwa kama huna pengine, ukiwa na Zaburi ya 131. Ni fupi, mistari mitatu tu, inaongea juu ya mtoto aliyeachishwa ziwa akiwa ametulia kifuani kwa mama yake. Mtoto anayenyonya anamng'ang'ania mama kwa sababu ya maziwa. Aliyeachishwa amebaki kwa sababu ya mama mwenyewe. Wewe umelea, utauona mstari huo vizuri kuliko mimi.

Jumapili inayofuata rudi kigangoni kwako. Usikae nyuma kabisa ili waone umejishusha, wala mbele ili wajue umerudi. Kaa pale ulipokuwa unakaa. Chakula cha pamoja kikiwepo, safari hii kaa mpaka sahani zioshwe, na ikibidi zioshe na wenzako. Majira haya ya mvua kuna uwezekano mkubwa itanyesha Misa ikiendelea, na unajua mvua ya ziwani inavyopiga juu ya mabati, hata padre hulazimika kusimama kidogo maana hasikiki. Ikitokea hivyo, usiangalie juu. Angalia walio pembeni yako, kisha niandikie uliona nini.

Nakuombea kila siku katika masifu ya jioni.